Naomba Tupimwe Kimo Kwanza: Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Isiolo

Mheshimiwa Gavana,

Naomba radhi kabla ya lolote. Najua mezani pako kuna mambo ya maji, malisho, barabara na usalama, na hili langu ni jambo la mbao na henzirani. Nisingethubutu kubisha mlango wako kama Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, isingeiweka michezo na viwanja vyake mikononi mwa serikali za kaunti. Basi nimejipa moyo kwamba, kwa unyenyekevu na kwa sauti ya chini, naruhusiwa kubisha.

Niruhusu nijitambulishe bila kutaja jina, kwa sababu jina langu halina uzito katika shauri hili. Kilicho na uzito ni kimo changu. Mimi ni mwalimu hapa Isiolo mjini, mama wa watoto wawili, na nina urefu wa futi 5 na inchi 2, yaani kama sentimita 157. Sitarefuka tena. Ninacheza kriketi, na kila Jumamosi alasiri ninawafundisha watu wazima wenzangu wapatao ishirini, wengi wao wanawake, kwenye uwanja wa vumbi ambao wacheza kandanda hutuachia jua likianza kupoa. Katika hao ishirini, kumi na wanne hawafiki futi 5 na inchi 5. Niliwapima mwenyewe, wakisimama wima ukutani, kwa utepe wa fundi cherehani.

Mheshimiwa, kisa chenyewe ni hiki. Msamaria mwema mmoja, ambaye sitamtaja na ambaye tunamwombea heri kila siku, alitununulia magongo kumi na mawili ya kriketi. Watoto wa mtaani huyaita "bati", ingawa hapa Isiolo ukitamka bati mtu huwaza kuezeka nyumba. Mimi nitasema gongo. Siku yalipofika tulishangilia hadi wapita njia wakasimama. Yalikuwa mapya, yenye harufu ya mbao na mafuta, na yote kumi na mawili yalikuwa na alama ya herufi mbili: SH. Herufi hizo ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "mpini mfupi". Msamaria wetu alikuwa amesikia kwamba wengi wetu ni wafupi. Akaona neno "fupi". Akanunua kwa nia safi kabisa.

Hapo ndipo palipo na kosa, nalo si kosa la moyo. Katika lugha ya kriketi, gongo la mpini mfupi ndilo gongo la kawaida la mtu mzima mrefu. Liliitwa hivyo ili kulitofautisha na la mpini mrefu, ambalo ni la majitu ya futi 6 na inchi 2 kwenda juu. Jina linasema fupi, lakini gongo lenyewe lina urefu wa sentimita 85 au 86, na watengenezaji wengi hulipendekeza kwa mchezaji wa futi 5 na inchi 7 au zaidi. Asiyejua hili atalinunua kila mara akidhani amewatendea hisani wafupi. Nimeona nikuandikie wewe, Mheshimiwa, kwa sababu siku kaunti itakapotununulia vifaa (na tunaamini siku hiyo itakuja), afisa mwadilifu wa ununuzi ataketi mbele ya orodha ileile na kuona neno lilelile.

Kwa ruhusa yako, nieleze madhara yake mwilini, kwa kuwa yeyote ambaye hajashika gongo refu kuliko kimo chake anaweza kudhani tunalalamikia inchi moja tu.

Mpigaji anaposimama kungoja mpira huinama kidogo, gongo likigusa ardhi karibu na vidole vya mguu, na mpini ukiegemea paja la mbele, juu, karibu na kinena. Kwangu mimi gongo la SH linapita hapo na kunichoma tumboni. Ili kulipisha, nalazimika kulisukuma mbali na mwili au kuutanua mkono wa juu, yaani ule unaoshika mpini karibu na ncha, kama bawa la kuku. Mkono ukitanuka hivyo, gongo haliteremki tena wima. Linakuja kimshazari, na mpira ulionyooka unapita katikati ya gongo na mguu hadi kwenye vijiti vilivyo nyuma yangu. Nikijaribu kuupiga mpira mbele kwa nguvu, ncha ya mpini inanigonga mbavuni. Nikirudi nyuma kuukabili mpira uliodunda juu, gongo linachelewa, kwa kuwa lina safari ndefu kuliko mikono yangu. Mwezi wa kwanza tu, wachezaji watatu walitolewa kwa sababu magongo yao wenyewe yaliangusha vijiti vyao. Sheria inasema umetoka, na tuliikubali. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amekosea kuuona mpira.

Uzito nao una mambo yake. Tuna dada mmoja anayeuza maziwa ya ngamia, na kwa kweli Isiolo ingedhoofu bila akina mama hawa. Asubuhi hunyanyua madumu ya lita ishirini kama mtu anavyonyanyua kikombe. Jumamosi akishika gongo la SH, ncha yake inatetemeka. Wenzake walianza kumwambia afanye mazoezi ya misuli. Nikawakatalia. Dumu hulishika likining'inia chini ya bega lako, uzito wake uko hapo hapo ulipo wewe. Gongo unalinyoosha mbele yako, na kila sentimita inayozidi inausogeza uzito mbali na kiganja. Shoka lenye mpini mrefu kupita kiasi humchosha hata mkata kuni hodari. Nguvu za dada huyu zilikuwa zaidi ya kutosha. Zilikuwa zikiliwa na urefu usiomfaa.

Nilijaribu kutafuta dawa hapa hapa nyumbani kabla ya kumsumbua mtu yeyote. Nilimwendea fundi seremala anayetengeneza mipini ya majembe na mashoka. Nikamkabidhi gongo, nikamwomba akate kipande cha juu. Hakushika msumeno. Aliniuliza, "Mwalimu, nani atalishika?" Nikamwambia wachezaji kumi na wanne watalishika kwa zamu. Akalirudisha mikononi mwangu akasema jembe la watu kumi na wanne si la mtu yeyote, nilete mmoja wao. Mheshimiwa, swali la fundi yule ndilo lililonifanya niandike barua hii. Yeye hatengenezi mpini kabla ya kumwona atakayeushika, na mpini wenyewe wauzwa kwa bei ya chai na mandazi.

Nilimpelekea dada wa maziwa ya ngamia. Fundi akampima, akakata inchi moja na nusu ya mpini, akaisugua ncha kwa msasa, akafunga uzi upya, nasi tukarudisha mpira wa kushikia. Urefu ulimfaa. Lakini ukikata juu, unaondoa uzito upande wa mkono, na uzito wa chini unabaki kama ulivyo. Kwa hiyo gongo likawa kama limeongezeka uzito kichwani. Likapigika vizuri zaidi kuliko mwanzo, na likabaki zito. Kukata upande wa chini hatukuthubutu kabisa, maana hapo ndipo mbao huchanika na kunyonya maji. Njia nyingine ni kuushika mpini chini zaidi, nayo pia tuliijaribu. Mpini unabaki umetokeza nyuma ya mikono na kuchoma tumbo vilevile.

Mwishowe tulichanga. Kila mmoja alitoa alichoweza, tukaagiza kutoka Nairobi gongo moja la saizi iitwayo Harrow, jina lililotokana na shule ya Uingereza. Tulilingoja siku tisa. Nakuomba usinione mwepesi wa machozi, Mheshimiwa, lakini siku dada yule aliposhika gongo lile, akanyoosha mkono wake wa juu peke yake mbele ya bega, na ncha isitetemeke, nililazimika kugeuka nikatazama upande wa barabara ya Moyale.

Sasa nieleze kwa kifupi saizi zilivyo, ili maneno yangu yasiwe ya kulalamika tu. Majedwali ya watengenezaji hutofautiana kwa inchi moja hivi, lakini kwa jumla gongo la namba 6 ni la mtu wa takriban futi 5 hadi futi 5 na inchi 4. Harrow ni la kuanzia hapo hadi karibu futi 5 na inchi 7. Kutoka hapo ndipo SH huanza. Namba 6 ni fupi kuliko SH kwa takriban inchi moja tu, lakini ubapa wake ni mwembamba kidogo, mpini wake hujaa vizuri katika kiganja kidogo, na uzito wake hupungua. Wapo watengenezaji wanaotoa pia gongo lenye ubapa wa upana wa mtu mzima na urefu uliopunguzwa, na hilo ndilo ningelipenda kuliko yote kwa wachezaji wangu, kwa sababu namba 6 huuzwa kama gongo la watoto na mara nyingine mbao yake huwa hafifu. Kuhusu bei nakuhakikishia kwa heshima zote: saizi ndogo hazizidi SH kwa bei, na mara nyingi ni nafuu kidogo. Ninachoomba hakimpunguzii mlipa kodi hata senti moja.

Na tena hakivunji sheria yoyote ya mchezo. Mwaka 1771 mchezaji mmoja wa Uingereza alifika uwanjani na gongo pana kama vijiti vyenyewe, na tangu hapo upana ukawekewa mpaka: inchi 4 na robo, yaani sentimita 10.8. Urefu nao una mpaka wake, inchi 38, karibu sentimita 96 na nusu. Mheshimiwa, hiyo ni mipaka ya juu. Sheria za kriketi hazikumwambia mtu mzima kamwe kwamba gongo lake lisipungue kiasi fulani. Neno "saizi kamili" ni la dukani. Refa halijui.

Najua huenda mshauri wako, kwa haki yake, akakukumbusha Sachin Tendulkar wa India, mtu wa futi 5 na inchi 5 aliyetumia gongo zito maisha yake yote. Sisi Wakenya tunamkumbuka kuliko wengi. Alitupiga mikimbio 127 mjini Cuttack Februari 1996 bila kutolewa, akatupiga 140 mjini Bristol Mei 1999, tena bila kutolewa, siku chache tu baada ya kifo cha baba yake, kisha 83 kwenye nusu fainali ya Kombe la Dunia mjini Durban Machi 2003. Sina ubishi. Lakini mtu huyu alikulia kwenye gongo la kaka yake lililomzidi, akajifunza tangu utotoni kuushika mpini chini kabisa, na mwili wake ukajengeka juu ya mazoea hayo. Wachezaji wangu wameanza wakiwa na miaka ishirini na tano, thelathini, arobaini. Hawana utoto mwingine wa kuutumia. Funzo lililo karibu nasi zaidi ni la Temba Bavuma, mfupi kuliko Tendulkar, aliyeiongoza Afrika Kusini kuishinda Australia uwanjani Lord's Juni 2025 na kutwaa ubingwa wa dunia wa mechi za majaribio (Test). Kimo chake kimesemwa vibaya na wengi, naye ameendelea kupiga.

Ungeweza pia kuuliza, na ni swali la haki, kriketi ina uhusiano gani na Isiolo. Kwa majirani zetu wa Laikipia, kule Il Polei, vijana wa Kimaasai wameicheza wakiwa wamevaa shuka zao, wamefika Afrika Kusini na Uingereza, na filamu juu yao ilitoka mwaka 2015. Wasichana wa Rwanda wa chini ya miaka 19 waliwashinda West Indies mwezi wa Januari 2023. Uganda ilishinda mechi katika Kombe la Dunia la wanaume Juni 2024. Na sisi Kenya ndio tuliowatangulia wote hao: tuliwalaza West Indies mjini Pune mnamo tarehe 29 Februari 1996, kisha tukawashinda Sri Lanka pale Nairobi Gymkhana mwaka 2003, siku Collins Obuya alipochukua wiketi tano. Nilikuwa mtoto wakati huo. Baba alisikiliza redio akiwa ameiinamia kana kwamba anaiomba samahani.

Lakini, Mheshimiwa, hata kama hakuna yeyote Isiolo atakayechezea taifa, ombi langu halibadiliki. Mji huu una watu wanaojua kuchagua fimbo. Mchungaji Mborana, Msamburu, Mturkana au Msomali hachukui fimbo ya mwenzake. Anaichagua, anaipima mkononi, anaichonga, anaipaka mafuta, na mtoto anayechunga mbuzi hapewi fimbo ya mchunga ngamia. Nimeishi hapa maisha yangu yote na sijaona mzee mmoja akipewa fimbo kwa kuulizwa tu kama ni mtu mzima au ni mtoto. Nami nimekuwa nikijiuliza tunakuwaje wenye hekima hiyo malishoni na kuipoteza tukifika kwenye karatasi za ununuzi.

Kwa hiyo ombi langu, kwa taadhima, ni safu moja. Vifaa vya michezo vya kaunti vinapoagizwa, fomu ya maombi iwe na safu ya kimo cha mchezaji kwa sentimita, kando ya jina lake. Basi. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 tayari inadai kwamba maelezo ya kinachonunuliwa yawe wazi na kamili. Gongo lisilotajwa saizi halijaelezwa. Safu hiyo haitafaa kriketi peke yake. Viatu vya kandanda, magongo ya hoki, fulana za netiboli, vyote huja siku hizi kwa neno "watu wazima", na dada zetu huchezea viatu vilivyojazwa soksi mbili mbele.

Nikithubutu kuongeza la pili, ni dogo zaidi. Magongo mazuri hutengenezwa kwa mti wa wilo, wa Uingereza au wa Kashmir, miti iliyozoea maji, na hapa kwetu hukauka upesi na kupasuka pembeni. Kopo moja la mafuta ya kitani kwa kila magongo sita, na nyundo ya mbao ya kuyagongagonga kabla hayajakutana na mpira mgumu, vingeyaongezea miaka. Magongo kumi na mawili tuliyopewa yamebaki tisa. Mawili yalipasuka kabla ya sisi kujua hili, na kosa hilo ni letu. Moja ni lile alilolikata fundi, ambalo sasa ni mali ya mtu mmoja na hakuna anayetaka kumnyang'anya.

Hayo tisa hatuyakatai wala hatuyadharau. Wachezaji wetu sita warefu wanayatumia na wanapiga vizuri sana. Mmoja wao, kijana wa Kulamawe, ameuvusha mpira juu ya ua mara nne mwezi huu. Ninachotaka kukiona kabla sijazeeka ni yule dada wa maziwa akisimama upande wa pili wa kijana huyo, wakikimbia pamoja, kila mmoja na gongo linalomfikia anapostahili kufikiwa.

Naomba unisamehe kwa urefu wa barua na kwa muda wako nilioupoteza. Iwapo shughuli zitakuruhusu wewe au afisa wako yeyote kupita, sisi huwa uwanjani Jumamosi kuanzia saa kumi alasiri hadi adhana ya Magharibi. Hatutaandaa hotuba. Tutakuomba tu, kwa idhini yako, usimame ukutani tukupime kimo, kisha ushike magongo mawili, la SH na la Harrow, moja baada ya jingine, kwa mkono mmoja ulionyooka mbele. Utepe wa kupimia tutakuja nao sisi.

Wako mtiifu, kwa heshima zote,

Mwalimu, Isiolo mjini